Namba ya esanse na Land Cruiser ya zamani: kinachoua moteri kwenye barabara ya Bukavu–Uvira

Mkimbizi aliyekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, huko Tanzania, akirudi Uvira anakuta neno moja limemgeuka. Kule Kasulu petroli ni mafuta ya pikipiki na ya gari ndogo. Huku Kongo petroli ni mafuta ya taa, yale ya kutia katika kibatari. Mafuta ya pikipiki huku yanaitwa esanse, na ya lori yanaitwa mazutu. Mtoto aliyezaliwa kambini akitumwa kununua «petroli lita mbili» kwa Kadhafi, yaani kwa muuza mafuta wa kando ya barabara, anapimiwa mafuta ya taa bila hila yoyote, na nyumbani baba anashangaa pikipiki imekataa kuwaka. Kosa la namna hiyo linajulikana siku ileile. Baya zaidi ni petroli inayoingia ndani ya esanse kwa makusudi, kidogo kidogo. Hiyo moteri inaikubali, inawaka, inatembea, na inakufa polepole.

Shofere mmoja aliyepita miaka 50, mhami kutoka bonde la Ruzizi, amelijua jambo hili kwa gharama. Yeye na familia yake walipokimbia, kitu pekee kikubwa walichotoka nacho ni gari la marehemu baba yake: Toyota Land Cruiser pick-up ya zamani, ile yenye uso wa duara na taa mbili za mviringo, moteri yake ya esanse ya silinda sita, lita 4.2, ambayo mafundi wanaiita 2F. Toyota ilianza kuitengeneza katikati ya miaka ya 1970. Vijana wanalicheka gari hilo kwamba linakunywa kama ng'ombe, na kweli linakunywa. Lakini usiku ule wa kukimbia lilibeba watu kumi na mmoja, magodoro na mbuzi wawili. Tangu hapo ndilo linalolisha nyumba. Linapakia mihogo na maharagwe, linahamisha vyombo vya wahami wenzake kutoka nyumba ya kupanga hadi nyingine, na mara kwa mara linapeleka mgonjwa hospitali.

Kiangazi kilipoanza, moteri ikaanza kugonga. Sauti yenyewe wanaoijua hawaisahau: kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo, inayosikika gari likipanda na mguu ukikandamiza, kisha inanyamaza barabara ikilala. Kwenye njia ya Bukavu–Uvira kupitia Ngomo, kupanda hakukosekani. Shofere akasikia, akaongeza redio.

Siku moja alasiri gari lilizimika kabla ya kufika Nyangezi, radiateri ikichemka. Nyuma, juu ya godoro, alikuwa amelala mama aliyefanyiwa upasuaji siku chache kabla, ambaye kidonda chake kilikuwa kimefunguka. Walingoja karibu masaa manne hadi lori moja likawachukua. Mama alipona. Shofere hakupewa malipo ya safari ile, na hakuyadai.

Baada ya hapo kila mtu akawa fundi. Jirani mmoja alimwambia atie vidonge vya naftalini, vile vya kufukuza nondo kwenye sanduku la nguo, ndani ya tangi. Dereva wa pikipiki akasema aongeze mafuta ya moteri kidogo katika esanse «ili ilainike». Na Kadhafi mmoja, kijana mwenye maneno matamu, akamwuzia kwa bei ya juu bidoni aliyoiita super ya Tanzania. «Papa, hii ni oktani 95. Moteri yako mzee inataka nguvu.» Kwa wiki tatu alilipa nyongeza hiyo, na nyongeza hiyo ilitoka katika pesa za shule za watoto. Moteri iliendelea kugonga vilevile.

Hapo ndipo penye kosa la wengi. Oktani si nguvu. Esanse yenye namba kubwa haina moto mwingi kuliko yenye namba ndogo, wala haisafishi, wala haimfanyi mzee kuwa kijana. Namba hiyo inapima jambo moja tu: esanse inavumilia kubanwa na joto kiasi gani kabla haijalipuka yenyewe.

Ndani ya silinda, pistoni inapanda ikibana mchanganyiko wa hewa na esanse. Kabla kidogo haijafika juu kabisa, buji inatoa cheche. Moto unaanzia pale kwenye buji na kusambaa kama moto wa majani makavu, haraka lakini kwa mpangilio, na kuisukuma pistoni chini. Mambo yanaharibika pale sehemu ya mwisho ya mchanganyiko, ile iliyo mbali na buji, inapochoka kungoja. Imebanwa, imepashwa joto, na ghafla inalipuka yote kwa mara moja kabla moto wa buji haujaifikia. Mlipuko huo ndio mgongo unaosikika, na unapiga pistoni kama nyundo. Moteri inayogonga siku nyingi huvunja pete za pistoni, hutoboa pistoni yenyewe, au huunguza kiungo kinachokaa chini ya kulasi.

Kipimo chenyewe kina karibu miaka 100. Mwaka 1926 mkemia Mmarekani Graham Edgar alipendekeza kutumia vimiminika viwili kama vijiti vya rula: kimoja, isooktani, kinachovumilia sana kubanwa, kikapewa 100, kingine, heptani, kinacholipuka upesi, kikapewa 0. Esanse inayofanana na mchanganyiko wa sehemu 91 za kwanza na 9 za pili ndiyo inayoitwa oktani 91. Hakuna siri nyingine ndani yake.

Na tangu hapo namba zimekuwa za namna mbili, jambo linalowachanganya wenye magari yaliyotumika ng'ambo. Marekani huandika kwenye pampu wastani wa vipimo viwili, kwa hiyo namba yao ni ndogo: 87 yao inakaribia 91 ya Ulaya, ya Japani na ya huku kwetu. Mtu aliyepata kitabu cha gari la Marekani na kusoma 87 asidhani ameruhusiwa kutia mafuta duni. Na yule aliyesoma 91 katika kitabu cha Kijapani asidhani gari lake ni la anasa.

Gari linalohitaji namba kubwa ni lile linalobana sana. Magari madogo ya siku hizi hubana mchanganyiko mara 10 au 11, na mengi yana kifaa kama sikio kinachosikia mgongo na kurudisha cheche nyuma chenyewe. Moteri ya 2F inabana mara 7.8 tu. Volkswagen ya mgongo wa kobe ya miaka ya 1960, ambayo mapadri wengi waliitumia, ilibana mara 7 hivi. Land Rover ya zamani ya lita 2.25 ilitolewa kwa mbano wa 8, na nyingine kwa 7, ili ziweze kuuzwa pia katika nchi ambazo esanse yake ilikuwa duni. Wazee hawa walitengenezwa kwa mafuta ya maskini. Esanse halali ya 91 inawatosha na kubaki. Kuwatilia 95 kwa bei ya ziada ni kuvika ng'ombe viatu.

Swali basi ni kwa nini 2F ya shofere, isiyodai mengi, ilikuwa inagonga hata ndani ya hiyo iliyoitwa 95.

Fundi aliyelijibu ni mzee wa Bukavu aliyejifunza kazi wakati wa Zaire, asiye na mashine ya kupimia kitu chochote isipokuwa funguo zake, taa ya kuangalia avansi yenye waya uliofungwa kwa plastiki, na masikio. Kwanza aliuliza maswali, na maswali hayo yanafaa kuandikwa, maana mafundi vijana hurukia kufungua kabla ya kuuliza.

«Inagonga ukiwa na mzigo, ao hata ukiwa peke yako?»

«Na mzigo, papa. Nikipanda.»

«Asubuhi, ao mchana?»

«Mchana zaidi. Nikitoka chini, Sange, Luvungi, kule kwenye joto. Huku Bukavu ni kidogo.»

«Nani alikugusia delko?»

Shofere akanyamaza kidogo. Kisha akakumbuka kwamba mwaka uliotangulia fundi mwingine, kijana, aliigusa ili gari lipate nguvu ya kupanda, na kweli lilipata.

Kwenye delko ya Land Cruiser hizi, karibu na kile kisahani kinachovutwa na hewa, kuna kitufe kidogo cha kuzungusha. Upande mmoja pameandikwa A, upande mwingine R, na katikati kuna mistari midogo. Watu wengi wanaomiliki gari hilo miaka 20 hawajui ni cha nini. Wajapani waliokiweka walijua kwamba gari litauzwa mahali ambapo esanse ya leo si esanse ya kesho. Ukikizungusha kuelekea A, cheche inatoka mapema. Kuelekea R, inachelewa. Cheche ya mapema inatoa nguvu zaidi lakini inaongeza hatari ya kugonga. Cheche iliyochelewa inanyamazisha mgongo, lakini gari linalegea, linakunywa zaidi, na joto jingi linatoka na moshi. Mahali pa kawaida ni mstari wa katikati, pamoja na avansi ya nyuzi 7 kabla pistoni haijafika juu moteri ikiwa inanguruma polepole. Alama yake ni kigololi kidogo cha chuma kilichopachikwa kwenye gurudumu zito la nyuma ya moteri, kinachoonekana kupitia tundu la pembeni.

Kitufe cha shofere kilikuwa kimezungushwa A hadi mwisho.

Bukavu hilo linaweza kupita bila kelele, na sababu ni milima yenyewe. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya bahari, na mitaa mingi ya Bukavu iko juu zaidi ya hapo. Hewa ni nyepesi, karibu asilimia 15 chini ya ile ya pwani, kwa hiyo silinda inajaza hewa kidogo, inabana kidogo, na moteri ya kabureta inaridhika na oktani ndogo zaidi. Ziwa Tanganyika liko mita 773. Gari linapotelemka kutoka Ngomo kwenda Kamanyola na kuendelea hadi Uvira, linapoteza mita karibu 700, hewa inakuwa nzito, na joto la bonde la Ruzizi linaongezeka juu yake. Moteri iliyorekebishwa kwa ajili ya baridi ya mlimani inafika chini ikiwa imekazwa kupita kiasi. Kisha inapakiwa magunia, na inaambiwa ipande.

Hiyo ilikuwa nusu ya ugonjwa. Nusu nyingine ilikuwa ndani ya tangi.

Mzee alichukua karatasi nyeupe ya daftari, akadondoshea matone mawili ya ile «super», akaiweka kivulini. Pembeni akadondoshea matone ya esanse aliyoiamini. Baada ya dakika chache doa la pili lilikuwa limepotea, karatasi imekauka kama haikuguswa. La kwanza lilibaki likiwa duara la mafuta, linaloteleza kwenye kidole na kunuka kibatari. Petroli ni nzito kuliko esanse, haikauki upesi, ndiyo maana inaacha alama. Jaribio hili halihitaji franka hata moja, na mtu yeyote anaweza kulifanya pale pale kwa Kadhafi kabla hajalipa, mradi pasiwe na sigara wala jiko karibu. Rangi haisaidii sana, maana rangi inaweza kutiwa. Kuchuja kwa kitambaa kunatoa takataka tu, petroli inapita pamoja na esanse. Maji ni rahisi zaidi: yanazama, yanaonekana chini ya chupa nyeupe ikiachwa itulie.

Petroli kama kipimo cha oktani ni karibu kitu kibovu kuliko vyote. Inakadiriwa kuwa kwenye 20 hivi, kwa sababu haikutengenezwa kwa buji. Hesabu ni ya darasa la sita. Bidoni ya lita 20 yenye esanse ya 93, ukitoa lita moja na kuweka lita moja ya petroli, inashuka hadi 89 hivi. Lita mbili, inakaribia 86. Lita nne, 78. Ni makadirio, lakini yanaonyesha njia. Muuzaji anayechanganya lita nne anaweza kuandika kwenye kibao chake namba yoyote inayompendeza, na mteja anayelipa bei ya 95 anaondoka na kitu ambacho hata moteri ya mbano wa 7.8 haikiwezi. Ushauri wa yule dereva wa pikipiki, wa kuongeza mafuta ya moteri, ulikuwa unaelekea huko huko: mafuta mazito nayo yanashusha oktani. Mchanganyiko wa namna hiyo ni wa mashine ndogo za mipigo miwili, kama misumeno ya kukata miti na moteri nyingi za mitumbwi, na ni vizuri kuangalia Kadhafi asije akakupa chupa ya wavuvi. Naftalini haifiki kwenye namba ya esanse nzuri, kwa hiyo haiwezi kuipandisha, na inapoganda inaweza kuziba vitundu vya kabureta.

Si kila Kadhafi ni mwizi, na hili linastahili kusemwa kwa sauti kwa sababu wengi wao ni wahami pia. Esanse ya Kivu ya Kusini inatoka mbali, kutoka bandari za bahari kama Dar es Salaam na Mombasa, na inapita mikono mingi kabla haijafika kwenye meza yenye chupa. Mwanamke anayeuza chupa tano mbele ya nyumba anaweza kuwa amenunua bidoni iliyokwisha kuharibiwa. Tena Burundi imekuwa na uhaba wa mafuta kwa miaka, na pale pesa ya haraka inapovuka mpaka ndani ya bidoni, kishawishi cha kuongeza kitu cha bei rahisi kinakua. Shofere hakurudi kumgombeza yule kijana wa maneno matamu. Alimwonyesha karatasi tu. Kijana akaiangalia, akasema na yeye anauziwa, na pengine alisema kweli.

Kazi ya mzee ilichukua siku mbili. Tangi lilimwagwa na kuoshwa. Kabureta ilifunguliwa. Buji moja ilikuwa na chembe ndogo zinazong'aa kwenye porcelaini yake, kama vumbi la sufuria, na mzee akamwonyesha: hiyo ni pistoni yako inaanza kuondoka. Mafuta ya moteri yalipopimwa yalikuwa yamepanda juu ya alama, jambo ambalo shofere alilichukulia kama baraka, kumbe ni petroli isiyoungua iliyokuwa inapenya kando ya pistoni na kuyafanya mepesi kama maji. Yakabadilishwa yote. Radiateri, iliyokuwa imejaa matope na majani upande wa mbele, ikaoshwa. Kitufe cha delko kikarudishwa katikati, na avansi ikapangwa kwenye nyuzi 7.

Lililobaki ni supapu, na hapo mzee alikuwa mwangalifu zaidi kuliko sehemu zote.

Moteri za enzi hizo zilikulia ndani ya esanse yenye risasi. Mwaka 1921 Thomas Midgley na wenzake huko Marekani waligundua kwamba kidogo tu cha dawa yenye risasi kinazuia kugonga, na kwa miaka mingi dunia nzima ikaitumia. Risasi hiyo ilifanya kazi ya pili: ilipaka ngozi nyembamba juu ya viti ambavyo supapu zinakalia, ikavikinga visilike. Lakini ilitoka na moshi, ikaingia katika damu ya watoto na kuharibu akili zao, hasa wale wanaoishi kando ya barabara. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na Algeria, ya mwisho duniani kwa magari ya kawaida, iliiacha Julai 2021. Wazee wa gereji wanaosema esanse ya zamani ilikuwa nzuri wana haki kuhusu supapu. Kuhusu watoto wao wenyewe, hawana.

Kwa moteri ambayo viti vyake vya supapu vimechongwa moja kwa moja katika chuma cha kawaida cha kulasi, kukosa risasi kunamaanisha kwamba supapu ya moshi inaweza kuzama kidogo kidogo ndani ya kiti chake, hasa gari likikimbizwa na mzigo. Dalili yake si kelele. Kelele inapungua. Nafasi kati ya supapu na mkono unaoisukuma inajibana, moteri inakuwa tulivu kuliko zamani, na mwenye gari anafurahi. Kisha supapu inashindwa kufunga, inaungua, na silinda moja inakufa. Namba kubwa ya oktani haiponyi hilo hata kidogo. Kinachoponya ni kuchonga kulasi na kupachika viti vya chuma kigumu, kazi ya fundi wa tour, na pesa yake si ndogo. Kinachosaidia kwa sasa ni kupima, na kutolikimbiza gari.

Moteri ikiwa ya moto, 2F inataka milimita 0.20 kwa supapu za hewa na 0.35 kwa za moshi. Mzee alizipima zote kumi na mbili. Mbili za moshi zilikuwa zimebana. Akazirekebisha, akaandika namba zote ndani ya daftari la shule la mmoja wa watoto, nyuma kabisa, pamoja na tarehe na kilomita.

Kuhusu namna ya kununua na kuweka mafuta, familia ililazimika kuamua pamoja. Shofere alitaka kuweka bidoni tatu za esanse nzuri ndani ya nyumba ya kupanga, apate kusafiri nazo bila kumtegemea mtu njiani. Nyumba yenyewe ina vyumba viwili, na katika kimoja wanalala watoto sita na jiko la makala linaingizwa usiku wa baridi. Mke wake alikataa, na alikuwa na sababu isiyojibika. Ana ndugu waliotoka Sange. Tarehe 2 Julai 2010, usiku, lori la mafuta lilipinduka pale, watu wakakaribia, wengine wakachota, wengine walikuwa ukumbini wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ulipowaka ulichukua watu zaidi ya 230. Moshi wa esanse hauonekani, ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kwenye sakafu, pale watoto wanapolala. Walikubaliana bidoni moja tu, ya chuma, yenye mfuniko unaokaza, nje, chini ya kibanda, na isiyojaa hadi mdomo. Kwa safari ndefu anajaza kwenye kituo kimoja anachokiamini, asubuhi, na kwa dharura njiani ana karatasi za daftari ndani ya boksi ya mbele.

Safari ya kwanza baada ya matengenezo ilikuwa ya mzigo wa nusu. Alitelemka hadi Luvungi, akapakia magunia, akarudi kupitia Ngomo kwa gia ya pili, redio imezimwa. Gari halikugonga. Lilikuwa limelegea kidogo kuliko lilivyokuwa na kitufe kwenye A, na lori mbili zikampita, moja ikimpigia honi ya dharau. Tangu hapo amekataa mizigo miwili mizito, mmoja wapo wenye malipo mazuri, na shemeji yake, anayetaka gari liuzwe kama chuma chakavu kabla halijafa lenyewe, amelisema hilo mezani.

Daftari liko kwa mzee. Miezi miwili ikipita supapu zitapimwa tena. Zile mbili za moshi zikibaki kwenye 0.35, gari litaendelea kufanya kazi hadi mvua. Zikiwa zimebana tena, itabidi pesa ya viti vya kulasi itafutwe, na mwezi huo ndio shule zinafunguliwa.